Kidole cha Bibi, Laini ya Nani? Mwongozo wa Kutambua Hatari ya Wizi wa Utambulisho na Kuwalinda Walio Hatarini Zaidi

Mwishoni mwa mwaka 2019, siku za kusajili laini za simu kwa alama za vidole zilipokuwa zinayoyoma, bibi yangu alipanga foleni gulioni mbele ya meza ya wakala aliyekaa chini ya mwavuli. Vidole vya bibi vimeshika jembe na mwiko kwa zaidi ya miaka 60, na michirizi yake imesagika kiasi kwamba kifaa hakikuisoma kwa mara ya kwanza wala ya pili. "Bonyeza tena, bibi," kijana alimwambia kwa upole, naye akabonyeza, akabadilisha kidole, akabonyeza tena, akashukuru na kwenda zake. Miaka mitatu baadaye, nilipomsaidia kuangalia usajili wake, tulikuta laini tatu kwa jina lake, ilhali hajawahi kumiliki zaidi ya moja. Mpaka leo hatujui ni nani aliyekuwa akizitumia zile mbili, wala kwa kazi gani.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya laini hizo mbili. Tunapozungumzia wizi wa utambulisho, yaani mtu kutumia jina, namba, picha au alama za mwenzake ili apate fedha, mkopo, laini au huduma kana kwamba yeye ndiye mwenyewe, wengi wetu humfikiria mtaalamu wa kompyuta aliyejificha mahali fulani akivunja mifumo ya benki. Katika maisha yetu ya Tanzania mlango huwa mwepesi kuliko huo. Wizi mwingi huanzia pale ambapo mtu analazimika kutumia mkono wa mwingine ili autumie utambulisho wake mwenyewe: wakala anayemsajili, mjukuu anayemtolea pesa, kijana wa steshenari anayemjazia fomu. Kadiri mtu anavyotegemea mikono hiyo, ndivyo hatari yake inavyokua, na kwa kipimo hicho unaweza kuipima nyumba yako mwenyewe.

Kwanza, fahamu kinachoweza kuibwa

Namba ya utambulisho wa taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye namba. Kwa hiyo mtu anayerusha picha ya kitambulisho chake kwenye kundi la WhatsApp, labda kwa furaha ya kukipata baada ya kungoja sana, huwa ametoa kwa mkupuo mmoja jina kamili, sura, sahihi, namba na tarehe ya kuzaliwa. Hata hivyo, namba hiyo peke yake haikuundwa iwe siri, kwa kuwa imeandikwa kwenye daftari la mlinzi getini, kwenye fomu ya mkopo, kwenye kitabu cha kikoba na kwenye mkataba wa chumba cha kupanga. Anayeiona bila kitu kingine hafiki mbali nayo.

Hatari inakuja vitu vinapoungana. Namba ya NIDA pamoja na kidole chako ni laini mpya. Laini pamoja na namba ya siri ni mfuko wako wa fedha, na kwa kuwa kampuni za simu hutoa mikopo midogo kupitia laini hizohizo, ni deni vilevile. Laini pamoja na ujumbe wa uthibitisho ni WhatsApp yako, barua pepe yako na mara nyingine akaunti yako ya benki. Ndiyo maana tapeli mzoefu haombi kila kitu kwa siku moja. Leo atakupigia akijifanya mhudumu na kukuuliza tarehe ya kuzaliwa, kesho atakutumia kiasi kidogo cha pesa "kimakosa" au atakubipu kwa namba usiyoijua ili umpigie, na siku ya tatu atakuwa na majibu ya maswali ambayo mhudumu wa kweli humuuliza anayedai kupoteza laini: namba ulizopiga karibuni, muamala wako wa mwisho, majina ya mama yako. Akifanikiwa, namba yako inahamishiwa kwenye kadi aliyoishika yeye, na simu yako inabaki bila mtandao hata kama umekaa chini ya mnara.

Yaliyowapata Wakenya mwaka 2021 yanatufundisha jinsi utambulisho unavyoweza kutumika pasipo senti moja kuibwa. Mwezi wa Juni mwaka huo, watu wengi waliojiangalia kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na malalamiko yakafikishwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wengi walinyooshea kidole madaftari ya wageni kwenye milango ya majengo na yale ya mawakala wa fedha, ambako kwa miaka mingi watu walikuwa wakiandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi kwenye mstari mmoja, huku mistari ya waliowatangulia ikisomeka juu yake.

Pili, tambua aliye hatarini zaidi nyumbani mwako

Ningependa uanze na wazee, na nina sababu zaidi ya mapenzi ya bibi. Mzee wa kijijini ana mambo matatu yanayokutana: vidole visivyosomeka kirahisi, macho yasiyoona maandishi madogo ya kwenye skrini, na malezi yaliyomfundisha kutomhoji mtu anayemhudumia. La kwanza ndilo baya zaidi, kwa sababu linaipa hila sura ya jambo la kawaida. Wakala mwaminifu atamwambia mzee abonyeze tena kwa kuwa kifaa kweli hakijasoma, na wakala asiye mwaminifu atasema maneno hayohayo wakati kifaa kimeshasoma na yeye ameshafungua usajili wa laini ya pili, ambayo jioni ataiuza kwa mtu asiyetaka kujulikana. Kwa mzee aliyesimama mbele ya meza, matukio hayo mawili hayana tofauti yoyote inayoonekana. Kutokujua kusoma si aibu wala kosa lake, na sisi watoto na wajukuu tusimkaripie anapotapeliwa, kwa maana anayekaripiwa leo atanyamaza kesho, na kunyamaza huko ndiko kunakompa tapeli nafasi ya kurudi.

Jambo hilo linanipeleka kwenye neno gumu zaidi, ambalo miongozo mingi hulikwepa. Mara nyingi anayemwibia mzee ni mtu wa nyumbani. Mjukuu anayejua namba ya siri kwa sababu ndiye anayetoa pesa kila mwisho wa mwezi, jirani anayetunza simu, kijana wa dukani anayeachiwa simu ili aongeze salio, wote hao wameaminiwa kwa haki, na wengi wao ni waaminifu. Lakini mikopo ya simu huchukuliwa kimyakimya na kukatwa kwenye pesa inayofuata kuingia, kiasi kwamba mzee ataona tu kuwa aliyotumiwa na mwanawe imepungua na ataamini ni makato. Ikiwa unamtumia mzazi wako pesa, mpigie yeye mwenyewe umwambie kiasi, na mara kwa mara muombe akusomee au asomewe na mtu mwingine ujumbe wa muamala, ili macho yasiwe ya mtu yuleyule siku zote.

Wanaofuata ni vijana wanaotafuta kazi au mkopo wa masomo. Kijana wa namna hii huigawa nakala ya cheti cha kuzaliwa, ya kitambulisho na ya vyeti vya shule kwa yeyote anayetangaza nafasi, maana akibana atahisi ameikosa riziki. Matangazo ya uongo yanayodai ada ya usaili au ya kujaza fomu hukusanya pesa na nyaraka kwa pamoja, na nyaraka ndizo zenye thamani ya muda mrefu. Ajira za serikali ya Tanzania huombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma bila malipo, kwa hiyo anayedai ada kwa jina la serikali umeshamjua. Hatari nyingine ya vijana, isiyosemwa sana, iko steshenari. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu au wa ajira hufunguliwa akaunti na mhudumu, ambaye ndiye anayechagua nywila, na mara nyingine anayeweka barua pepe yake mwenyewe, na nyaraka zilizoskaniwa hubaki kwenye kompyuta ya duka mwaka mzima. Kijana huondoka na karatasi iliyochapishwa, huku funguo za akaunti yake zikibaki kwenye daftari la mwingine.

Kuna pia watu ambao mali yao ni jina jema: mweka hazina wa kikoba, mwalimu mkuu, mchungaji, imamu, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Anayeikamata WhatsApp ya mtu wa aina hii hahitaji salio lake, kwa sababu atawaandikia watu 200 wanaomwamini kuwa amekwama hospitalini na anahitaji kusaidiwa hadi kesho. Msibani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa tangazo lenye majina ya marehemu, ukoo na namba ya kupokea rambirambi husambazwa kwa haraka na kwa huzuni, na kubadilisha namba moja kwenye tangazo ni kazi ya dakika. Waliofiwa waweke namba moja tu iliyosajiliwa kwa jina ambalo ndugu wanalifahamu, na wahimize kila anayetuma aangalie jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha.

Ndugu walioko Oman, Ulaya au Marekani wana hatari yao. Laini waliyoiacha nyumbani bila kutumika kwa miezi kadhaa inaweza kufungwa na namba yake kuuzwa kwa mteja mwingine, ambaye bila hila yoyote ataanza kupokea ujumbe wa uthibitisho wa benki ya mtu aliyeko Muscat. Kabla ya kusafiri, au hata sasa kama umeshaondoka, ibadilishe namba iliyounganishwa na benki na barua pepe, au hakikisha laini inatumika mara kwa mara. Kuhusu watoto na marehemu, neno ni fupi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kisitoke nyumbani bila sababu iliyoandikwa, na kifo kisajiliwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kisha cheti cha kifo kipelekwe kwenye kampuni ya simu na benki ili jina la marehemu lisiendelee kufanya kazi ambayo yeye hayupo kuiona.

Tatu, fanya ukaguzi wa nusu saa

Tenga nusu saa, ukae na kila mtu wa nyumbani mwenye laini. Piga *106#, ambayo hapa Tanzania ndiyo menyu ya kuhakiki usajili, uangalie jina lililosajiliwa kwenye laini yenyewe na namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mhusika, na ufanye hivyo kwa kila mtandao anaotumia. Kwa ndugu walioko Kenya wenye laini za Safaricom, namba hiyohiyo ya *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na *100*100# huifunga laini ili kuihamishia kwenye kadi mpya kusifanyike isipokuwa kwenye duka la kampuni yenyewe. Ukikuta namba usiyoijua, iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe uliyoiona kabla ya kuiondoa, kwa sababu kama iliwahi kutumika katika uhalifu, polisi watakuja kwa mwenye jina, na karatasi hiyo itakuwa mwanzo wa maelezo yako. Kisha nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, usiende kwa wakala wa mwavuli, ukaombe ifutwe na upewe uthibitisho.

Ukiwa hapohapo, weka namba ya siri kwenye kadi ya laini, jambo linalofanyika kwenye sehemu ya usalama katika mipangilio ya simu. Watu wengi hufunga simu na kuiacha kadi wazi, ilhali mwizi huichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine ndani ya dakika mbili. Kumbuka kuwa ukikosea mara tatu itafunga na utahitaji PUK, yaani namba ya kuifungulia kadi, kutoka kwa kampuni, hivyo chagua namba utakayoikumbuka lakini isiyo mwaka wako wa kuzaliwa, ambao tumeona kuwa umo ndani ya namba ya NIDA. Kwenye WhatsApp, fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke tarakimu 6 zako mwenyewe. Hapo hata anayekulaghai ili umpe ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi atakwama kwenye hatua ya pili.

Unapotoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, mstari ukipita kwenye picha, kazi ya nakala hiyo na tarehe: "Kwa maombi ya chumba tu, Machi 3". Ni jambo dogo linaloifanya nakala isifae kazi nyingine. Ukitoka steshenari, badilisha nywila siku hiyohiyo kwa simu yako, na mwombe mhudumu afute nyaraka zako ukiwa umesimama hapo, bila kuona haya.

Unapomsindikiza mzee kwa wakala, simama upande unaoiona skrini. Kila kidole kinapobonyezwa, uliza kifaa kimesema nini, na kama hakijasoma, omba uonyeshwe. Wakala mwaminifu hatachukia. Usajili ukikamilika, piga *106# kabla hamjaondoka kwenye meza.

Jihadhari vilevile na programu za mikopo ya mtandaoni zinazoomba picha ya kitambulisho, picha ya uso na ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Anayekopa huko huweka rehani utambulisho wake pamoja na heshima yake kwa ndugu na marafiki, kwani mdai huwaandikia wao anapocheleweshewa. Uliza leseni kwanza, hata kama shida ni ya leo.

Nne, kama imeshatokea

Mtandao ukipotea ghafla kwenye simu yako wakati wa jirani wa kampuni ileile anao, usingoje asubuhi. Azima simu, piga huduma kwa wateja kwa namba 100, uombe laini na mfuko wa fedha vifungwe, kisha ipigie benki. Mara baada ya hapo wajulishe ndugu na vikundi kwa sauti yako, siyo kwa maandishi, kwamba namba yako imetekwa. Namba ya tapeli na ujumbe wake vipelekwe kwenda 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo, na usiufute ujumbe huo kwenye simu yako hata ukikuudhi, kwa kuwa ni ushahidi. Nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa, uombe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako hapo kituoni, na uitunze. Bila hiyo benki na kampuni za simu zitakuzungusha, na deni lililochukuliwa kwa jina lako litabaki kuwa neno lako dhidi ya kumbukumbu zao.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakifanya kitendo cha kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa zako zikueleze zinazikusanya kwa nini, zizitunze salama na zisizitumie kwa jambo jingine. Taasisi iliyozembea hulalamikiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika barua fupi, yenye tarehe, tukio na unachokiomba, mathalani deni lifutwe au laini iondolewe kwenye jina lako, ambatanisha RB, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Mwezi mmoja baada ya kufuta laini ngeni, piga tena *106#. Kwa bibi yangu tulikuta moja imeondoka na nyingine bado ipo, tukarudi dukani na ile karatasi yetu, na safari ya pili ndiyo iliyoimaliza. Siku hizi yeye mwenyewe, kila tunapokaribia duka la simu, huninyooshea kidole cha shahada na kuniuliza kama leo kitabonyezwa mara ngapi.